Naomba ushauri: sukari ya vinywaji kwa vijana na vinyama vya utumbo mpana

Habari wadau. Naomba ushauri wa kumpunguzia kijana sukari ya kwenye vinywaji. Hofu yangu ni adenoma, vile vinyama vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo mpana, ambavyo baadhi hugeuka saratani baada ya miaka 10 hivi au zaidi. Utafiti uliofuatilia wauguzi wa Marekani, uliotoka 2021, ulikuta kwamba kila nyongeza ya asilimia 5 ya kalori kutoka kwenye fruktosi (aina ya sukari iliyomo kwenye soda na juisi) enzi za ujana iliendana na hatari ya adenoma kupanda kwa asilimia 17. Kwa sukari ya utu uzima, uhusiano huo haukuonekana. Huo si ushahidi wa chanzo, ila umri ndio unaoniumiza kichwa.

WHO (Shirika la Afya Duniani) inashauri sukari isizidi asilimia 10 ya kalori, yaani gramu 50 kwa siku kwa anayekula kalori 2,000. Gramu 25 ni bora zaidi. Kopo la soda la mililita 330 peke yake lina kama gramu 35, karibu vijiko 9 vya chai! Juisi nayo imo kwenye hesabu, tunda zima halimo.

Waliofanikiwa: mlikata soda ghafla, au mlipunguza kidogo kidogo? Na kwa aliyezoea chai ya vijiko vinne, mlianzia wapi?