Mtoto mwenye selimundu: kwa nini vipimo vya inflamesheni vilipingana?

Mama wa Morogoro
Habari zenu wanajukwaa. Mwanangu ana miaka 9 na anaishi na selimundu ya aina ya SS. Mwezi uliopita aliamka usiku akilia kwamba mguu wa kushoto unamuuma chini ya goti, na nilipomgusa alikuwa wa moto. Kituo tulichomkimbilia kilimpima ESR, ikasoma milimita 6 kwa saa, tukaambiwa hana maambukizi, turudi nyumbani na dawa ya maumivu. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba hadi ngozi inang'aa, na hospitali nyingine ikakuta CRP, protini ya damu inayopanda penye inflamesheni, imefika 148 na bakteria wameingia kwenye mfupa. Anaendelea vizuri na antibayotiki, namshukuru Mungu. Ninaomba kueleweshwa: ikiwa vipimo vyote viwili ni vya inflamesheni (mwako wa mwili unapopambana na maambukizi au jeraha), imekuwaje kimoja kikanyamaza? Na kwa nini hata akiwa mzima chembe zake nyeupe huwa 14,000?

Mtaalamu wa maabara, Dar es Salaam
Pole sana, mama. ESR haipimi inflamesheni yenyewe, bali kasi ya chembe nyekundu kuzama. Tunasimamisha damu katika mrija mwembamba kwa saa moja, kisha tunasoma ni milimita ngapi za majimaji ya manjano zimebaki wazi juu. Penye maambukizi, protini kama faibrinojeni huongezeka na kuzifanya chembe zilaliane kama sarafu zilizopangwa, na fungu hilo huzama upesi. Chembe iliyojikunja kama mundu hailaliani na wenzake, kwa hiyo ESR ya mgonjwa wa selimundu inaweza kubaki chini hata mwili ukiwa katika vita kali. Ikiwa juu, itiliwe maanani; ikiwa chini, isimtulize mtu yeyote. CRP hutengenezwa na ini, na umbo la chembe haliizuii kupanda.

Daktari wa watoto
Ninaunga mkono, na ninasikitika kwamba kijana alirudishwa nyumbani akiwa na homa. Wengi wa watoto hawa bandama lao huacha kufanya kazi mapema, na kwao homa ya nyuzi 38.5 ni dharura, vipimo viseme vyovyote vile.

Kuhusu chembe nyeupe: chembe nyekundu zinapovunjika kila siku humwaga himu, yaani sehemu ya himoglobini yenye chuma, ambayo huichochea kinga ya mwili hata pasipo kijidudu chochote. Ndiyo maana 14,000 yaweza kuwa hali yake ya kawaida, na CRP nayo huwa juu kidogo akiwa mzima. Aidha, baadhi ya mashine huhesabu chembe nyekundu changa zenye kiini kana kwamba ni nyeupe. Tahadhari moja: CRP hupanda pia katika shambulio la maumivu lisilo na bakteria, kwa hiyo peke yake haitenganishi mfupa uliokosa damu na mfupa wenye maambukizi; hapo tunahitaji kuotesha damu maabara ili kutafuta bakteria, na kupiga picha ya mfupa. Feritini, protini inayotumika kupima akiba ya chuma, vilevile hupanda wakati wa shambulio, na anayeongezewa damu mara kwa mara asipimiwe akiba ya chuma siku hiyo.

Ninayeishi na selimundu, Mwanza
Mama, mimi nina miaka 31 na hutembea na daftari. Ukurasa wa kwanza nimeandika vipimo vyangu vya siku nisiyo na maumivu: himoglobini 7.8, chembe nyeupe 13,200, CRP 9. Daktari nisiyemjua akitaka kunilinganisha na watu wengine, namfungulia ukurasa huo. Tangu nianze haidroksiyurea, dawa ya selimundu, chembe nyeupe zimeshuka hadi 8,000, nami nimelazimika kuandika ukurasa mpya.

Mama wa Morogoro
Asanteni sana, nimeelewa. Kliniki yetu ni tarehe 14, akiwa amemaliza dozi. Nitaomba apimwe picha kamili ya damu na CRP siku hiyo, na daftari nimeshanunua.