Mikutano ya wanaoacha pombe: kanisani, mtandaoni au soba hausi? (Niko Mbeya)

Kijana wa Uyole
Habari zenu ndugu zangu. Leo nina siku 19 sijagusa pombe. Nimekunywa miaka kumi na moja: bia nikiwa na hela, viroba mpaka vilipopigwa marufuku Machi 2017, baada ya hapo komoni na gongo. Nimeshaacha peke yangu mara nne na mara zote nne nikarudi. Safari hii nataka kukaa na watu waliopita nilikopita mimi. Naona njia tatu: kikundi cha maombi cha Jumatano kanisani kwetu, mikutano ya mtandaoni ya AA (Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha), au soba hausi, nyumba ya kuishi na wengine wanaoacha ulevi, ambako itabidi niache kazi na familia kwa miezi na kulipia. Mliopita huko, ni ipi iliyowashika?

Dada wa Kihesa
Hongera sana kaka, siku 19 si haba. Mimi nina mwaka wa tatu sasa.

Nilianzia kanisani na walinipokea kwa upendo, sina baya la kuwasema. Ila walinisimamisha mbele nikatoa ushuhuda, watu wakapiga vigelegele. Wiki tatu baadaye nikanywa ulanzi, pombe ya mianzi, msibani. Sikukanyaga kanisani miezi minne, nilikuwa nawaza vile vigelegele tu. AA ukianguka jana, leo unarudi na kusema "jana nimekunywa", na hakuna anayeshtuka kwa sababu wote wameshawahi kusema hivyo.

Hakuna kiingilio, hakuna fomu. Sharti ni moja tu, uwe na nia ya kuacha kunywa. Jina unataja la kwanza, au hutaji. Mimi nilikuwa nakaa jikoni watoto wakishalala, spika za masikioni, kamera nimezima. Mikutano mingi ni ya Kiingereza na changu cha kuombea maji, lakini miezi miwili ya kwanza nilisikiliza tu bila kusema neno. Hakuna aliyenilazimisha. Ubaya wake ni bando, na usiku umeme ukikatika unabaki wewe na kiu yako.

Babu Makambako
Kamwene wanangu. Mimi nasema chagua mkutano kwa saa, usichague kwa jina. Huku kwetu msimu wa mvua ulanzi ukigemwa asubuhi ni mtamu kama togwa, ukikaa unakuwa mkali, mkangafu. Mimi kiu yangu ilikuwa inakuja saa kumi na mbili jioni, nikipita vilabuni kutoka shamba. Mkutano wa saa nne asubuhi ungenisaidia nini? Tuko watatu, tunakutana karakana ya fundi seremala mmoja saa kumi na moja na nusu jioni. Tunakaa juu ya mbao, chai ya tangawizi, kila mtu anasema siku yake ilivyokwenda. Kufika saa mbili usiku kiu imepita na kila mtu anakwenda kwake. Mwaka wa tano huu.

Nesi mstaafu, Iringa
Naomba niseme na wale wanaosoma kimya huku bado wanakunywa kila siku. Msiache ghafla peke yenu nyumbani. Kutetemeka na jasho huanza saa chache tu baada ya glasi ya mwisho. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo, na hali hiyo inaua. Nenda hospitali kwanza, Rufaa ya Kanda pale Mbeya au ya mkoa hapa Iringa, useme ukweli unakunywa kiasi gani. Kuna dawa za kutuliza mwili na vitamini B1. Mkutano ufuate baada ya hapo. Na msichanganye: kliniki ya methadoni ni ya wanaotumia heroini, pombe haitibiwi kwa methadoni.

Mama Tukuyu
Soba hausi mume wangu alikaa miezi minne. Alitoka mzima, kanenepa. Njia ya kurudi nyumbani ni ileile, vilabu ni vilevile, na hakuwa na mtu wa kumpigia simu. Alidumu wiki sita. Pale panafaa kwa aliyeshindwa kabisa kukaa nyumbani, lakini muulizeni mwenye nyumba: akitoka, anamkabidhi kwa nani? Na sisi wake zenu tuna mikutano yetu, Al-Anon, tangu 1951. Nahudhuria mtandaoni kila Alhamisi.

Kijana wa Uyole
Shikamoo babu, shikamoo mama zangu. Mtandaoni naanza leo usiku. Maombi ya Jumatano nitaendelea nayo, ila ushuhuda nitaomba nisitoe kwanza. Kinachonikosesha usingizi ni hiki cha karakana. Mtu mmoja hawezi kuwa mkutano.

Dada wa Kihesa
Wawili wanatosha. AA yenyewe ilianza 1935 kule Akron, Marekani: Bill Wilson yuko hotelini, baa iko palepale, akaanza kupigia simu makanisa atafutiwe mlevi mwenzake wa kuongea naye. Akapelekwa kwa Dk. Bob Smith. Basi.

Mgeni_Iyunga
Nimejiunga leo niandike hapa. Nina siku tatu, nimetoka hospitali jana. Kaka wa Uyole, Mwanjelwa ni katikati yetu. Jioni saa kumi na moja niko huru kila siku.

Kijana wa Uyole
Nakuandikia faragha sasa hivi. Kesho.