Mashine ya kukatia nyasi, ya petroli au ya betri? Kamati inanunua mwisho wa mwezi

MwekaHazina_Meru

Wakuu, habari za wakati huu. Kamati ya shule yetu ya awali hapa Usa River imeniagiza nitafute mashine ya kukatia nyasi, ile ya kusukuma huku ukitembea nyuma yake, kwa kuwa kijana aliyekuwa akitufyekea amepata ajira kwenye shamba la maua, na waliomfuata hukata katikati tu na kuacha vichaka pembeni, mahali ambapo watoto hupenda kujificha. Mimi naegemea mashine ya petroli, ilhali mwenyekiti anataka ya betri kwa sababu haina moshi na kelele yake ni ndogo. Naomba wenye uzoefu wanisaidie kujenga hoja. Natanguliza shukrani.

FundiInjini

Ndugu mleta mada, kwa taarifa ulizotoa hakuna mtu atakayekujibu kwa haki. Tuambie uwanja una ukubwa gani, nyasi ni za aina gani, kuna mawe au mizizi iliyojitokeza, ardhi ni tambarare au ina mteremko, mashine italala wapi, ataiendesha nani, na kamati imetenga kiasi gani cha fedha. Umeme nao unapatikanaje? Mtu wa nyasi chache mbele ya baraza na mtu wa uwanja wa shule hawawezi kupewa jibu moja.

Ughaibuni_Ohio

Mkuu, mimi niko Marekani na nimekuwa nikitumia mashine ya betri kwa miaka kadhaa. Siwezi kurudi kwenye petroli. Unabonyeza kitufe inawaka, hakuna kamba ya kuvuta, hakuna oili ya kubadilisha wala plagi ya kusafisha, na ukimaliza unaikunja na kuisimamisha ukutani. Huku mwelekeo uko wazi. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuzuia uuzaji wa mashine mpya nyingi za bustani zenye injini ndogo za mafuta kuanzia mwaka 2024, na Honda walitangaza mwaka 2022 kwamba wangeacha kutengeneza mashine za kukatia nyasi kwa ajili ya soko la Marekani ifikapo Septemba 2023. Kununua petroli leo ni kununua kitu ambacho watengenezaji wenyewe wanakiaga.

MwekaHazina_Meru

Nawashukuru. Uwanja ni kama robo eka, yaani mita za mraba zipatazo 1,000, ukiondoa majengo na bembea. Nyasi ni ukoka, na kipindi cha masika hupanda haraka mno. Bajeti ni shilingi milioni 1.5, pamoja na vifaa vya ziada. Umeme upo, japo hukatika. Mwendeshaji atakuwa mlinzi wetu wa mchana.

MamaBustani_Njombe

Mwanangu, nitakueleza yaliyotupata kwenye nyumba ya wageni ninayoisimamia, nawe upime mwenyewe.

Tulinunua mashine ya betri katika duka moja kubwa la jijini, lenye wahudumu wenye sare na maelezo mazuri, na tukapewa dhamana ya miaka miwili iliyopigwa muhuri. Msimu wa kwanza ilitufurahisha, kwa sababu wageni waliolala hadi saa 3 asubuhi hawakusumbuliwa. Msimu wa pili ulipofika, betri ilianza kuishiwa nguvu kabla ya kumaliza upande wa mbele. Kijana alikuwa akikata mistari michache, mashine inalegea, taa nyekundu inawaka, anarudi stoo kuichaji, na wakati huo mvua imeshafunga kwa upande wa milimani. Kazi ya asubuhi moja ikawa ya siku mbili, na nyasi zilizokatwa nusu zilionekana vibaya kuliko zilizoachwa.

Tuliporudi dukani tukaambiwa kwamba dhamana ya miaka miwili ni ya mashine na kwamba betri ina miezi 6 tu, jambo lililoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya karatasi. Nikasema basi tutanunua betri nyingine. Hapo ndipo niliposikia kwamba aina ile imekoma kuletwa, na betri mpya zina mdomo tofauti usioingia kwenye mashine yetu. Kisu bado kikali, mota nzima, magurudumu hayajachakaa hata kidogo, na mashine yote imekaa stoo kwa sababu ya kipande kimoja ambacho hakipatikani nchini. Fedha ile ilikuwa ya wenye mali, nami ndiye niliyetakiwa kutoa maelezo.

Sasa tunatumia ya petroli. Ikigoma, fundi wa pikipiki wa jirani anaifungua kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, palepale nje ya banda lake.

FundiInjini

Shikamoo mama, umesema kitu ambacho wengi hawakifikirii wakiwa dukani. Niongeze hesabu. Betri iliyoandikwa volti 40 na ampea-saa 5 hubeba takriban wati-saa 180 (ndicho kipimo cha nishati), kwa sababu volti 40 ni kilele inapokuwa imejaa, na wastani wake ni volti 36. Lita moja ya petroli ina karibu wati-saa 8,900. Injini ndogo hupoteza sehemu kubwa kama joto, lakini hata ikitumia asilimia 20 tu, lita hiyo inakupa kazi inayolingana na ya betri kama 10 za aina hiyo. Mashine yenye injini ya ujazo wa sisi 160 hivi hunywa takriban lita moja kwa saa, na robo eka ya ukoka usiozidi kimo utaimaliza kwa muda huohuo au pungufu yake. Gharama ya lita hiyo moja inabebeka.

Chagua injini ya stroki nne, yenye tangi la petroli na oili yake peke yake, ili mlinzi asilazimike kuchanganya oili na petroli. Oili ni kama nusu lita tu, na hubadilishwa mara ya kwanza baada ya saa chache za kazi, kisha kila baada ya saa 50 hivi. Msimu ukiisha, funga koki ya mafuta na uiache injini iungurume hadi izime yenyewe, kwa maana petroli inayokaa ndani ya kabureta kwa miezi huacha utomvu unaoziba tundu ambalo hata sindano haipiti. Na anapoilaza ili akwangue nyasi zilizoganda chini, upande wa kabureta na chujio la hewa uwe juu. Akiilaza kinyume, oili inaingia kwenye chujio na mashine itafuka moshi mweupe kama shimo la mkaa.

Kilimani_Kijani

Hamjambo. Mimi hutunza bustani za nyumba za kupanga hapa Nairobi, na nina mashine za aina zote mbili. Fundi, hesabu yako ni sawa ila imeacha mwinuko. Injini ya petroli isiyorekebishwa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mota ya umeme haijali jambo hilo. Hapa kwetu, kwenye mita 1,700 na kitu, tofauti inaonekana waziwazi unapoingia kwenye nyasi za kikuyu zilizolala kama godoro.

FundiInjini

Ndugu wa Kilimani, hilo nalikubali kwa Nairobi na kwa Njombe, lakini Usa River iko kwenye mita 1,200 hivi, na ukoka hauna uzito wa kikuyu. Hata ukiondoa asilimia 12 kwenye injini ya sisi 160, bado inabaki na nguvu ya kutosha.

Kilimani_Kijani

Inatosha ikiwa mafuta ni safi. Mimi nimeona plagi zilizogeuka nyeusi kama makaa kwa sababu ya petroli ya kwenye madumu barabarani.

MamaBustani_Njombe

Hilo lina dawa. Huku Tanzania mafuta huwekwa alama maalumu ili yapimwe vituoni, na tangu mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa makusudi ili kuondoa kishawishi cha kuyachanganya na mafuta mengine. Mlinzi anunue kituoni, adai risiti, na asinunue ya dumu hata kama ni karibu.

Ughaibuni_Ohio

Naheshimu uzoefu wa mama, ila tatizo lake lilikuwa duka. Mtu akinunua betri mbili tangu mwanzo, moja inafanya kazi wakati nyingine inachaji. Mleta mada, kama kamati itaridhia, naweza kuwanunulia huku na kumpa ndugu anayesafiri.

Mizigo_Tegeta

Samahani kwa kuingilia, kwa kuwa kazi yangu ni ya mizigo. Hilo la kumpa msafiri haliwezekani. Kanuni za usafiri wa anga huruhusu abiria kubeba betri ya lithiamu hadi wati-saa 100 bila kibali, na kati ya 100 na 160 kwa idhini ya shirika la ndege. Inayozidi 160 hairuhusiwi kwenye mizigo ya abiria, na ile ya wati-saa 180 aliyoitaja Fundi itaachwa uwanjani. Kwa meli inaruhusiwa kama mzigo wa hatari, pamoja na makaratasi yake. Jambo la pili ni chaja. Za Marekani nyingi ni za volti 120, na umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo someni maandishi ya nyuma ya chaja kabla ya kulipa chochote.

Ughaibuni_Ohio

Nakushukuru kwa ufafanuzi. Basi anunue hukohuko, mradi aulize kwanza kama betri zinauzwa peke yake.

FundiInjini

Hapo tunakubaliana. Aingie dukani na aseme, "Nionyeshe betri ya akiba." Wasipokuwa nayo kwenye rafu, aondoke.

Ila hakuna aliyegusa usalama, na hii ni shule ya watoto wadogo. Kisu cha sentimita 46 kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia zaidi ya kilomita 250 kwa saa, iwe ni petroli au betri. Kokoto ikirushwa na kisu hicho inavunja kioo cha darasa. Mlinzi azunguke kwanza kuokota mawe na vifuniko vya chupa, avae viatu vilivyofunika vidole, na kazi ifanyike Jumamosi watoto wakiwa nyumbani. Hakikisheni mpini una kishikizo ambacho mtu akikiachia kisu kinasimama. Marekani wamelazimisha tangu mwaka 1982 kwamba kisimame ndani ya sekunde 3, na mashine nzuri zinazofika kwetu huwa na kishikizo hicho, ingawa nimewahi kuletewa ambazo kimefungwa waya ili mtu asilazimike kukishika. Huo waya ukatwe.

Na nyasi zikikatwa Jumamosi, hoja ya mwenyekiti kuhusu kelele na moshi inabaki na uzito gani?

MwekaHazina_Meru

Inabaki na uzito, kwa sababu upande wa nyuma tumepakana na zahanati, na wodi ya wazazi iko karibu kabisa na ukuta wetu. Jumamosi ndiyo siku yenye kina mama wengi wanaopumzika. Mwenyekiti alilisema hilo kwenye kikao.

Kilimani_Kijani

Ungelitaja mwanzoni tusingebishana sana! Injini ya petroli hutoa desibeli 90 na zaidi kwenye sikio la mwendeshaji, na kuanzia 85 anayekaa nayo kwa saa nyingi anatakiwa kukinga masikio. Ukuta utapunguza, lakini mama aliyejifungua usiku uleule ataisikia. Mimi kwenye nyumba za wazee hutumia betri, na petroli naiweka kwa viwanja vya wazi.

MamaBustani_Njombe

Kina mama wale nawaonea huruma kwa dhati. Lakini saa moja ya kelele kila baada ya wiki mbili inaweza kupangwa na muuguzi wa zamu, ilhali betri iliyokufa katikati ya masika haipangwi na mtu.

FundiInjini

Mleta mada, swali la mteremko bado hujalijibu, na ndilo linaloamua kama mashine iwe ya kujisukuma yenyewe au ya kusukumwa na mlinzi. Pia injini hizi hulainishwa kwa oili inayorushwa kutoka chini, na zikiinama kupita nyuzi 20 hivi oili haifiki inapotakiwa.

MwekaHazina_Meru

Upande wa zahanati unashuka hadi kwenye mfereji. Sijaupima. Nitaupima kesho nikiwa na mwenyekiti, kisha tutapita kwa mganga mfawidhi kabla sijaandika lolote kwenye makisio.