Uji kwanza au mahubiri kwanza? Swali kutoka Kadutu

Shemasi wa Kadutu
Bwana asifiwe, ndugu wapendwa. Kwa mwaka mzima sasa, kikundi chetu cha kanisa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kinapika uji wa masoso (unga wa mahindi, soya na mtama) kila Jumamosi asubuhi na kuupeleka karibu na soko la Kadutu, kwa watoto wanaolala nje, wale ambao mji unawaita maibobo, na kwa akina mama wanaobeba mizigo kutoka Beach Muhanzi, gati la ziwani. Utaratibu wetu ni wimbo, mahubiri, maombi, kisha uji. Jumamosi iliyopita mama mmoja, kamba ya kubebea ikiwa bado kwenye paji la uso, aliweka kikombe chini mbele yangu akasema: «Shemasi, mpaka useme amina nitakuwa nimekwisha kukosa magunia mawili.» Sikuwa na jibu. Je, Neno litangulie chakula, au tulikosea tangu mwanzo?

Mwalimu wa Jumapili, Ibanda
Shemasi, usiyumbe. Katika Marko 6 Bwana aliwahurumia watu, akaanza kuwafundisha mambo mengi, na mkate ulikuja saa zilipokuwa zimekwenda sana. Tukigawa uji bila Neno, tutatofautianaje na shirika lolote la misaada? Ila mahubiri yawe mafupi; wako wahubiri wetu wanaodhani kwamba njaa hurefusha masikio.

Mama wa Panzi
Kwa heshima, Mwalimu, isome tena sura hiyo. Umati ule ulimfuata Yesu bila kuahidiwa mkate. Ulikuja kusikiliza, njaa ikaukuta huko huko. Hawa mama zetu mnawaita kwa harufu ya uji, kisha mnafunika sufuria. Nilibeba mizigo miaka sita, na ninajua kwamba saa za asubuhi, mashua kutoka kisiwa cha Idjwi zinapoteremsha bidhaa, ndizo zinazoamua kama watoto watakula jioni. Aliyenivuta kanisani alikuja saa tisa alasiri, kazi ilipopungua. Alinisaidia kutua gunia la makaa, akauliza jina la mtoto niliyekuwa nimemtuma nyumbani kupika. Hakuhubiri siku hiyo. Baadaye aliniingiza katika likirimba ya mama kumi, kikundi cha kuchanga fedha na kupokeana kwa zamu, na zamu yangu ilipofika nilinunua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za kuuza, nikaiacha kamba ya kubebea.

Mhudumu wa mitaani, Bagira
Niongeze kuhusu watoto. Wengi ninaowafahamu hawakutoka nyumbani kwa njaa peke yake. Waliitwa wachawi wakafukuzwa, na mara nyingine aliyetamka neno hilo kwanza alikuwa mtu wa maombi. Ibara ya 41 ya Katiba ya Kongo ya 2006 inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu, lakini mtoto wa sokoni hasomi sheria, anasoma mikono yetu. Nilimwona mmoja, wa miaka kama tisa, akirudisha kikombe kikiwa kimejaa mara tu mchungaji alipomnyooshea mkono juu ya kichwa. Msimwekee mkono mtoto ambaye hajawazoea, wala msikemee mapepo mbele yake. Na kabla ya kumrudisha kwa wazazi, itembeleeni familia bila yeye, tena zaidi ya mara moja.

Shemasi wa Kadutu
Asanteni sana, maneno haya yamenichoma. Jumamosi hii uji utatolewa saa tisa. Kila atakayefika atakunywa, na anayetaka kwenda atakwenda. Mwalimu, nakuomba uhubiri wewe, dakika kumi, kwa watakaobaki. Mama wa Panzi, likirimba inaanzaje kwa watu wasio na hata franga za kuweka wiki ya kwanza?

Mama wa Panzi
Anzeni na kiasi ambacho aliye maskini kuliko wote anakiweza, hata kikiwa bei ya kipande cha sabuni, na zamu ya kwanza apewe mwenye mtoto mchanga. Fedha washike wao wenyewe, Shemasi. Usishike wewe.