Naombeni ushauri: Nikon D3500 ya mkononi au Canon 4000D mpya?

Kijana_wa_Ngamiani: Wakuu, habari za humu. Niko Tanga mjini, picha nilikuwa napiga kwa simu, sasa nataka kamera ya kueleweka. Nina laki tisa. Dukani kuna Canon 4000D mpya na lenzi yake ya 18-55. Kuna jamaa naye anauza Nikon D3500 iliyotumika, pamoja na lenzi ya 50mm yenye tundu la mwanga 1.8. Nichukue ipi? Mnijibu mapema, tafadhali.

Mgosi_wa_Duga: Chukua Sony. Uzi ufungwe.

Bi_Chonge: Mwanangu, kabla ya kamera jifunze uaminifu. Mimi nimeolewa 2009, mpiga picha alikula hela yote, na mpaka leo nina picha moja tu, tena mume wangu kakatwa kichwa.

Mgosi_wa_Duga: Shikamoo bi mkubwa. Labda aliona mbali.

Fundi_Shata: 4000D ina megapikseli 18, na pale lenzi inapofungiwa ni plastiki. D3500 ina 24 na betri yake inakaa sana. Kwa bodi, Nikon. Ila hiyo lenzi isome ubavuni: AF-S, yenye mota yake ya fokasi ndani, au AF tu? Na imulike tochi kwa ndani, unyevu wetu huu wa pwani haukawii kuotesha kuvu.

Kijana_wa_Ngamiani: Imeandikwa AF Nikkor 50mm 1:1.8 D. Kioo safi. Niliijaribu Raskazone nikapiga jua linazama baharini, picha ya hatari.

Fundi_Shata: Hapo umeshikwa. D3500 haina mota ya kuzungusha lenzi za namna hiyo, fokasi utaitafuta kwa mkono. Ulivyojaribu hukuona?

Kijana_wa_Ngamiani: Niliona, nikadhani nimebonyeza vibaya. Lakini si wazee wetu walikuwa wanazungusha kwa mkono na picha zinatoka?

Pwaguzi: Wazee walikuwa wanapiga watu waliosimama kama milingoti. Wewe umeshailipia hiyo kamera, sema.

Kijana_wa_Ngamiani: Nimemwachia laki nne. Si zote.

Fundi_Shata: Na haraka ya nini?

Kijana_wa_Ngamiani: Jumamosi ijayo kuna harusi ya jirani. Hiyo laki nne ni advansi aliyonipa mama wa bibi harusi.

Bi_Chonge: Astaghfirullah! Nilisema mimi!

Dereva_wa_Pangani: Chai hii. Tanga bahari iko mashariki, jua linazama baharini Tanga ipi? Huyu yuko Mbagala anatuchezea.

Pwaguzi: Leteni vitumbua.

Mgosi_wa_Duga: Dereva, Raskazone umefika au unaisikia? Kaa upande wa ghuba jioni, jua linatua ng'ambo ya maji.

Dereva_wa_Pangani: Hiyo ni ghuba, siyo bahari.

Bi_Chonge: Ukitumbukia utaona tofauti?

Fundi_Shata: Turudi harusini. Kijana, bi harusi akiingia ukumbini usiku, anatembea, watu wanamtunza, wewe unazungusha lenzi kwa mkono? Utampelekea mama wa watu ukungu. Hiyo 50 rudisha, uchukue 18-55 inayojifokasi. Ukiivuta mwisho inafika tundu 5.6, ambalo ni dogo kuliko 1.8, mwanga unaoingia ni karibu mara 10 pungufu ya hiyo 50, kwa hiyo tafuta flashi, hata ya kuazima.

Kijana_wa_Ngamiani: 50 siirudishi mkuu, nimeipenda. Ila jamaa kakubali kuniazima 18-55 mpaka Jumapili, na flashi anayo binamu yangu. Naielekeza usoni?

Fundi_Shata: Usoni utawang'arisha kama sahani. Ielekeze darini, mwanga urudi umelainika. Dari iwe nyeupe tu.

Kijana_wa_Ngamiani: Ukumbi wenyewe umeezekwa makuti.