Mume anataka kuuza ploti ya Njoro, wakwe wanadai ng'ombe warudi kwanza. Naanzia wapi?

mama_mitumba_nax:
Hamjambo wadau, nisaidieni kwa mawazo. Niko Nakuru. Tulioana kimila, watu wa mume walikuja kwetu Kimilili wakaleta ng'ombe na pesa kidogo, hatukuenda kanisani wala kwa DC. Tuna watoto wawili. Mwaka jana mume alihamia kwa mwanamke mwingine Eldoret na akaacha kutuma karo, nasukuma na mitumba yangu tu.

Sasa kuna ploti Njoro tulinunua kwa loni ya chama changu na mshahara wake, tukajenga vyumba vitatu, ndimo nakaa na watoto, lakini taito, yaani hati ya ploti, iko kwa jina lake pekee. Wiki jana broka akaja na watu wawili wakaanza kupima mpaka kwa hatua nikiwa naanika nguo, hata salamu hakuna. Nikapigia shemeji, akaniambia ati mimi si mke kwa sababu hatuna cheti, na kama nataka talaka baba yangu arudishe ng'ombe kwanza ndio wazee wakae. Hao ng'ombe walishaenda zamani, ndio ndugu yangu alilipia mahari yake. Niambieni naanzia wapi.

mwana_wa_elgon:
Pole sana dada. Huyo shemeji anajichanganya mwenyewe, kama wewe si mke hao ng'ombe anaowadai walikuwa wa nini? Kwetu hata wazee wanajua mkishazaa ng'ombe hawarudi wote. Na korti haingoji zizi lijae ndio ivunje ndoa.

min_nyathi_kisumu:
Nyamera, dada yangu, pole. Mimi nilipitia haya mambo hapa Kisumu kwa hivyo nakuambia vile nilivyoona, wakili atakuongezea.

Kwanza kabisa usitoke kwa hiyo nyumba. Watakuambia rudi kwenu upumzike kidogo, usirudi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mwenzako hawezi kukutoa kwa nyumba ya ndoa kama ndoa bado iko, isipokuwa kwa amri ya korti. Na sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kuweka kosheni, yaani ilani kwa rejista kwamba una haki kwa hiyo ardhi, hata kama ndoa ni ya kimila, hata kama jina lako haliko kwa taito. Unaenda ofisi ya ardhi pale Nakuru na afidaviti (maelezo ya kiapo) inayoeleza wewe ni mke na vile mlinunua. Ikishaingia kwa rejista mnunuzi akifanya sachi, yaani kuangalia rekodi za ardhi, anaiona, na wengi hukimbia hapo hapo. Lakini jua ofisi humjulisha mwenye taito, kwa hivyo atapata habari na simu zitaanza, na anaweza kuomba iondolewe. Usilale baada ya kuiweka, fuata na kesi. Si lazima ungoje talaka, unaweza kuomba korti itangaze haki yako kwa hiyo mali, kugawana ndio hungoja ndoa ivunjwe.

Cheti ni kweli kinasaidia, siku hizi ndoa ya kimila inatakiwa iandikishwe, lakini kukosa karatasi si kwamba hamkuoana. Tafuta picha za siku ya mahari, wazee waliokuwepo, barua ya chifu. Mimi picha moja ya mjomba akipokea kamba ya ng'ombe ndiyo ilifanya upande ule mwingine unyamaze.

Karo usiunganishe na talaka. Nenda kwa afisa wa watoto, hulipi kitu, anamwita mzazi mwenzako mnakaa chini. Mkikubaliana hakikisheni makubaliano yamesajiliwa kortini, ikibaki ahadi ya mdomo akiacha tena huna pa kumshikia. Akikataa kuja unaenda korti ya watoto. Kama pesa ya wakili ni shida, FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi hapa Kisumu, husaidia akina mama wasio na uwezo na hata kuwafundisha kujisimamia kortini.

baba_wawili_kakamega:
Naunga mkono ila wacha niseme ya upande wetu kidogo, kwa sababu hapa kila mtu atamwambia ploti ni nusu kwa nusu. Hapana. Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba hakuna nusu ya moja kwa moja, kila mtu anapata kulingana na mchango aliothibitisha. Kulea watoto, kazi ya nyumba na kulima pia ni mchango kwa sheria, lakini lazima useme na uonyeshe. Kwa hivyo mama, daftari ya chama, stetimenti ya mpesa, risiti za mabati na simiti, kusanya zote. Na shamba alilorithi kwa baba yake huko kwao liache, hilo kwa kawaida si mali ya ndoa.

Ingine, hata asipotuma pesa usimfungie watoto asiwaone. Hayo ni mambo mawili tofauti na Sheria ya Watoto ya 2022 inawapa wazazi wote wawili jukumu sawa. Nimeona kesi ikigeuka juu ya hiyo tu.

mama_mitumba_nax:
Asanteni nyote, Mungu awabariki. Watoto sijawahi kumnyima, wakipigiwa simu wanaongea naye. Risiti za simiti ziko kwa kikopo cha Kimbo, za mabati sijui. Swali moja, wazee wakisisitiza tukae kikao nikatae? Na taito yenyewe anayo yeye, kosheni nitaandika namba gani?

min_nyathi_kisumu:
Kikao usikatae, sheria ya ndoa inaruhusu wazee wawapatanishe kwanza na anayewasikiliza anaweza kupeleka ripoti kortini. Usiweke tu sahihi kwa karatasi yoyote hapo kabla mwanasheria aisome, hasa ikitaja ploti. Namba angalia kwa agrimenti mliyonunulia, kama hakuna tafuta kwa watsapu yako ya zamani, wanaume wengi taito ikitoka hupiga picha na kutuma.

mama_mitumba_nax:
Wueh nimeipata, alinitumia siku ile tulichukua. Namba inasomeka.

mwana_wa_elgon:
Basi kesho asubuhi anza na sachi, ujue kama bado iko kwa jina lake, halafu kosheni siku hiyo hiyo. Beba kitambulisho na kopi za picha za mahari.