Mjadala: Kuuza njia ya kuruka foleni kwenye bustani kubwa za burudani, ni haki?

Mleta mada (Maryland)

Wakuu, heshima kwenu. Msimu wa joto tulimpeleka baba mkwe Orlando, kwenye bustani moja kubwa ya burudani. Sitaitaja, maana ninayoyasema yanafanyika karibu zote. Mzee ametokea Morogoro, hana haraka na mtu, kusimama kwake si tatizo. Ubao uliandika dakika 85, tukajipanga. Jua la Florida mnalijua, lile linaloandamana na mvua ya saa tisa alasiri. Tukafika mahali foleni yetu inapokutana na njia nyingine, nyembamba, haina msongamano. Pale kasimama kijana mfanyakazi, kakinga mkono. Wa njia ile wakija anawapitisha wote. Wakikatika kidogo anachukua wanne watano wa kwetu, halafu mkono unarudi palepale. Mzee akamtazama weee, akasema: "Kumbe na huku kuna wanaopandia dirishani."

Hoja yangu si bei ya mlangoni. Tiketi ya siku moja Disneyland ya California, siku za msimu, imevuka dola 200. Ni ghali, lakini ni bei, ukiona huiwezi unabaki nyumbani. Kinachonikera ni foleni yenyewe kugeuzwa bidhaa. Mwaka 1999 Disney walipoanzisha FastPass, pasi yao ya kuruka foleni, ilikuwa bure kwa kila mwenye tiketi. Unachomeka tiketi yako kwenye mashine, inakutolea kikaratasi chenye saa ya kurudi, unakwenda zako kula. Oktoba 2021 wakaleta Genie+, huduma ya kulipia ya kuruka foleni, pale Florida ilianza kwa dola 15 kwa kichwa kwa siku, na mwaka uliofuata bei ikaanza kupanda na kushuka kulingana na tarehe. Mwishoni mwa 2024 ikaja Premier Pass, pasi ghali zaidi, ambayo kwa Magic Kingdom, bustani yao kubwa ya Florida, ilitangazwa hadi dola 449 kwa mtu mmoja kwa siku moja, tiketi ya kuingilia mbali. Familia ya watu watano ni dola 2,245. Universal, washindani wao, nao wanauza pasi yao ya Express miaka mingi, na ukilala kwenye baadhi ya hoteli zao za juu unapewa ndani ya bei ya chumba.

Nauliza: kampuni inayoingiza pesa kwa sababu foleni ni ndefu, itaifupisha ili iweje?

Mchangiaji (Dallas)

Pole kwa jua, lakini historia umeianzia katikati. Disneyland ilipofunguliwa Julai 1955, mtu mzima alilipa dola 1 mlangoni, na hiyo ilikuwa ya kuingia tu. Kila mchezo ulikuwa na malipo yake. Miezi michache baadaye wakaanza kuuza vitabu vya tiketi vyenye herufi, A kwa michezo midogo midogo, na kuanzia 1959 ikaongezwa E kwa ile iliyotamaniwa na wote. E zako zikiisha, ama unatoa pesa tena ama unawatazama wenzako wakipanda. Vitabu hivyo viliondoka 1982. Huku kwetu Arlington, bustani ya Six Flags Over Texas walikuwa wa mbele zaidi, tangu 1961 unalipa mara moja mlangoni na kupanda utakavyo. Kwa hiyo huo usawa unaoulilia, kwa Disney umedumu kama miaka arobaini hivi, nao ulikuwa mpango wa biashara kama huu wa sasa.

La pili. Magic Kingdom hupokea watu zaidi ya milioni 17 kwa mwaka. Viti vya rola kosta, vile vigari vya kasi vya relini, haviongezeki kwa sababu wewe umechoka. Lazima kuwe na namna ya kuvigawa, iwe kwa pesa, kwa muda, au kwa ujanja. Ile FastPass ya bure mnayoisifia iligawa kwa ujanja. Waliodamka mapema na kujua mashine ipi ikimbiliwe kwanza ndio waliofaidi, na mgeni kama baba mkwe wako aliambulia kikaratasi cha jioni au hakupata kabisa. Nao pia walipitishwa mbele ya waliosimama, tofauti ni kwamba hukuwanunia.

Mimi nafanya kazi ya zamu. Likizo yangu nikiipata, sitaki kuimalizia nimesimama. Nikitoa hela yangu halali nipite, dhambi iko wapi?

Mchangiaji (Seattle)

Dirishani! Nimecheka mbele ya bosi.

Mama wa watoto wawili (Minneapolis)

Kaka wa Dallas, unaongea kama mtu asiye na watoto, samahani. Pesa tuiache kidogo tuongelee simu. Siku hizi bustani unaitembelea kwa kidole. Pale Disney World ya Florida, ukilipia njia ya haraka, wageni wa hoteli zao wanaanza kuchagua saa za michezo siku 7 kabla, wengine tunaanza siku 3 kabla, na uchaguzi unafunguliwa saa moja kamili asubuhi. Chakula unaagiza kwenye programu. Saa ya maonyesho iko kwenye programu. Mwanao anakuonyesha Mickey, wewe umeinamia kioo unatafuta nafasi ya saa nane, pawabenki inaning'inia kwenye mkoba. Mume wangu aliitwa mara tatu na binti yake, hakusikia. Hapo amelipa!

Na kuna hili ambalo watu hawaligusi. Mwanangu mkubwa ana usonji. Kuna utaratibu wa Disney unaoitwa DAS, ambao mtoto kama yeye anapewa saa ya kurudi ili asisubiri katikati ya kelele na kubanana. Haumpi kupita papo hapo, muda wa kusubiri ni uleule, anausubiria nje. Mwaka 2013 waliubadilisha ule wa zamani, baada ya gazeti la New York Post kuandika kwamba matajiri walikuwa wakikodi watu wenye ulemavu wawasindikize ili wapite njia ya pembeni. Mwaka 2024 wakaubana tena, wakasema umekusudiwa zaidi wenye matatizo ya ukuaji kama usonji, na mahojiano ni kwa video. Sisi tulibaki kwenye utaratibu huo. Lakini mtu mwenye ugonjwa wa utumbo, asiyeweza kukaa mbali na choo kwa saa nzima, akikataliwa anafanyaje? Wengine wananunua ile ya kulipia. Ndugu yangu, huyo si mtu aliyelipia starehe, amelipia mwili wake. Siku njia ya pembeni ilipopata bei, kila anayepita bila kulipa akaanza kuonekana mwizi, na sisi wenye watoto wa hivi tunatazamwa hivyohivyo.

Mchangiaji (Louisville)

Miye nasema musiende huko. Mvuke mto hapa muingie Indiana, kuna mji unaitwa Santa Claus, si mzaha. Bustani yao ni Holiday World, ilifunguliwa 1946, mbele ya Disneyland. Kuegesha gari bure. Soda bure tangu 2000, unajaza kikombe utakavyo. Hata mafuta ya kujipaka kwa ajili ya jua, bure. Na rola kosta zao za mbao zinatikisa mifupa. Hawana Mickey, ni kweli. Watoto wangu hawakumuuliza.

Mchangiaji (Abu Dhabi)

Huku kisiwani Yas mambo ni mepesi kidogo. Bustani ya Ferrari World sehemu kubwa iko chini ya paa, Julai unapoa humo wakati nje hakutembeki. Pasi ya haraka wanauza pia, lakini siku za kazi huna haja nayo, ile rola kosta ya Formula Rossa ya kilomita 240 kwa saa unaweza kuikuta na watu wachache. Mei 2025 Disney walitangaza kwamba na wao wanakuja kisiwani hapa pamoja na Miral, kampuni ya hapa Abu Dhabi. Nauliza kwa woga: watakuja na bei za Florida?

Mleta mada (Maryland)

Dallas, kwenye historia umenibana, na hilo la vitabu vya tiketi ni zito. Lakini angalia tofauti. Mwenye tiketi nyingi za E mwaka 1960 alipanda mara nyingi kuliko mimi, ila alisimama nyuma yangu akinikuta nimetangulia. Pesa yake haikunirudisha nyuma. Ya leo inanirudisha, kwa sababu kila anayepitishwa na yule kijana anakalia kiti ambacho kingekuwa cha foleni yetu. Mimi nimelipa kiingilio kamili, halafu bidhaa niliyonunua inakatwa kipande ndani ya geti na kuuzwa tena kwa mwingine.

Basi nipunguze dai. Wauze. Ila mlangoni, kabla sijatoa kadi, wabandike ubao: leo tumeuza pasi kadhaa, kwenye kila viti 100 vya mchezo huu, vya foleni ya kawaida ni hivi. Nikishajua, nitaamua mwenyewe.

Mchangiaji (Dallas)

Hapo nakuunga mkono, ila hawatabandika ng'o. Wakisema wameuza chache, nani atahangaika kununua? Wakisema wameuza nyingi, wewe unageuza gari kwenye maegesho, na mimi niliyelipa nitagundua kwamba njia yangu nayo ina foleni. Ilishanitokea. Dakika 40, kwenye njia ya haraka.